Cherehani ya kiwanda kwa robo ya bei: ninayosema baada ya miezi minane

Nimengoja miezi minane kabla ya kuandika. Ningeandika wiki ya kwanza, ningeisifu kupita kiasi. Ningeandika wiki ya tatu, ningemtukana mtu. Sasa mashine hii naijua. Naijua sauti yake inapopungukiwa mafuta, najua inapenda uzi gani na inakataa upi, na hesabu yote ya fedha iliyonila nimeiandika kwenye daftari.

Ni cherehani ya kiwanda ya mtumba, ya sindano moja na mshono ulionyooka, pamoja na meza yake na mota yake. Niliinunua kwa muuzaji wa mashine zilizotumika, kwa robo ya bei ya mpya ya namna hiyohiyo. Robo. Kwa fundi aliyekuwa anaweka akiba kidogo kidogo kwa miaka miwili, hiyo si bei ya kuipita ukaenda kulala.

Mimi nashona mapazia, mashuka na foronya, na nimefanya kazi hiyo miaka 11 kwa mashine ndogo ya nyumbani. Mapazia ni kazi ya mishono mirefu. Pazia moja tu, ukihesabu pindo la chini, pindo la juu na pande mbili, ni mita nyingi za kusukuma kitambaa kwa mstari mmoja. Mashine nyingi za nyumbani hushona mishono kati ya 600 na 1,000 kwa dakika, na ukiibana kutwa nzima mota yake inapata joto mpaka unanusa. Za kiwanda hufika mishono 4,000 hadi 5,000. Hata ukiiendesha kwa mishono 2,000 tu, kila mshono milimita 3, unamaliza mita sita kwa dakika moja. Hesabu hiyo nilikuwa nayo kichwani nilipoingia kwa muuzaji, na nakiri ilinipa haraka.

Nilimwambia nashona nini. Hili nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloniuma hadi leo. Nilimwambia, "Kaka, kazi yangu kubwa ni mapazia, na mengi ni ya kitambaa chepesi, kile cha kupitisha mwanga." Akajibu, "Dada, hii inashona kila kitu." Akachukua kipande cha jinzi, akakikunja mara nne, akakipitisha chini ya sindano. Mashine ikapita juu yake kama inapita kwenye karatasi. Mishono ilikuwa sawasawa juu na chini, imekaza vizuri. Nikatoa pesa palepale.

Jaribio lile halikuwa la uongo. Mashine kweli ilishona jinzi, na nzuri. Lakini jinzi sikuwa nimeiomba.

Kuihamisha kulihitaji watu watatu. Kichwa peke yake kina karibu kilo 30, na meza yenye mota inaning'inia chini ni mzigo wa peke yake. Mafuta yaliyokuwa kwenye trei yalimwagika njiani yakalowesha turubai la gari. Ukinunua mashine ya namna hii, mwambie muuzaji aimwage trei kwanza na akifungue kichwa kisafiri peke yake. Hakuna aliyeniambia.

Tulipoiweka chumbani nikatafuta plagi. Mwishoni mwa waya palikuwa na plagi nene ya duara, yenye pini ambazo hakuna soketi ya nyumba yangu inayozipokea. Nilidhani ni jambo la kubadilisha plagi tu. Fundi umeme alipofika hakuigusa plagi kabisa. Alilala chini ya meza, akafuta vumbi kwenye kibao cha mota kwa kidole, akanionyesha: volti 380, na alama ya fezi tatu, yaani umeme wa nyaya tatu unaotumika viwandani. Nyumba yangu ina fezi moja, kama nyumba nyingi za watu wa kawaida.

Alinieleza kwa utulivu, na namshukuru kwa kutokunifanya nijione mjinga. Kuleta fezi tatu ndani ya nyumba ni maombi, waya mpya, mita mpya, na gharama inayoizidi mashine yenyewe. Zipo mota za fezi tatu zinazoweza kuendeshwa kwa fezi moja kwa msaada wa kapasita, ila lazima mota iwe imeundwa kukubali volti ndogo zaidi, na hata ikikubali inapoteza sehemu ya nguvu. Yangu kibao chake kilikuwa na 380 peke yake. Akafunga begi lake akasema, "Mama, mota hii ni nzima. Haina ubaya wowote. Haina tu umeme wake hapa."

Nilimpigia muuzaji. Akasema ningemwambia sina fezi tatu angenishauri, na akajitolea kuniuzia mota nyingine ya zamani ya fezi moja. Kuniuzia, si kunibadilishia. Sikukubali, na hapo namshukuru Mungu nilikwenda kwanza kumuuliza fundi wa kutengeneza mashine.

Kwa asiyejua: mota za zamani za mashine hizi ni za klachi. Ukiwasha swichi, mota inaanza kuzunguka na haiachi, karibu mizunguko 2,850 kwa dakika kwenye umeme wa hezi 50, hata kama wewe unatunga uzi au unakunja pindo. Pedali kazi yake ni kuunganisha mzunguko ule na mashine. Kwa hiyo umeme unalika muda wote, chumba kinavuma muda wote, na mguu ambao haujazoea unaishtua mashine inaruka ghafla. Mota za servo zinakaa kimya mpaka ukanyage. Zina kitufe cha kuweka kikomo cha kasi, kwa hiyo unaweza kuanza polepole kama mtu anayejifunza kutembea. Fundi alisema kwa chumba cha kulala kilichogeuzwa cha kushonea, kama changu, hakuna mjadala.

Servo niliyoinunua, ya wati 550, ilinigharimu karibu nusu ya nilichotoa kununua mashine nzima. Inafungwa kwa boliti tatu kwenye matundu yaleyale ya mota ya zamani, jambo lililonifurahisha, lakini mkanda wa zamani ulikuwa mrefu mno, ikabidi kununua mwingine. Na tulipowasha mara ya kwanza, gurudumu la mkono lilizunguka kinyume, likienda mbali nami badala ya kuja kwangu. Uzi ulisokotana chini mpaka tukaukata kwa kisu. Fundi akabadilisha mwelekeo kwenye mpangilio wa servo, basi, likaisha. Siku ile nilishona kipande cha shuka na nikalia kidogo kwa raha, kwa sababu mstari ulitoka mnyoofu na laini kuliko wowote niliowahi kushona.

Kesho yake nikaweka kitambaa cha mapazia mepesi.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonitesa zaidi, kwa sababu mota angalau ni tatizo unaloliona. Hili halikuonekana. Kitambaa chepesi kilivutwa ndani ya lile tundu la chini ambamo sindano hushukia mwanzoni mwa kila mstari, kikatafunwa. Nikikivuta kwa mkono kisimezwe, mishono iliruka: mitatu mizuri, pengo, miwili mizuri, pengo. Mahali kitambaa kilipopita juu ya meno, vile vyuma vya chini vinavyokisukuma, palibaki michirizi, kana kwamba kimekwaruzwa kwa kitana. Nililegeza uzi wa juu, nikaukaza, nikalegeza wa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, nikabadilisha uzi mara nne. Nilinunua sindano mpya nyembamba, namba 11, za aina ya DBx1 ambayo kila mtu hukutajia ukisema una mashine ya kiwanda ya sindano moja. Zikaingia. Nikahisi zinacheza kidogo kabla ya kukaza skrubu, nikadhani ndivyo zilivyo.

Siku kumi na mbili nilihangaika hivyo. Na wakati ule nilikuwa na kazi mezani: mapazia ya nyumba nzima, madirisha tisa, ya mama mmoja aliyekuwa akihamia. Nilimpa tarehe kwa kuhesabu kasi ya mashine mpya. Tarehe ilipokaribia nikairudisha mezani ile ndogo ya zamani, nikashona usiku na mchana, nikamkabidhi siku sita baada ya ahadi. Alikwisha kuhamia. Alilala na watoto wake siku hizo sita madirisha yakiwa yamefunikwa kwa mashuka. Hakunigombeza, alinilipa yote, na hajarudi tena. Mteja yule alikuwa ameletwa na mteja mwingine wa miaka mingi, na huyo pia simu zake zimepungua. Kwenye daftari langu jambo hilo halina mstari wa kuliandika.

Fundi wa mashine aliporudi alichukua dakika tano. Aliichomoa sindano yangu, akatoa nyingine mfukoni, akaziweka kiganjani pamoja. "Tazama shina," akasema. Shina ni ile sehemu nene ya juu inayoingia kwenye fimbo ya sindano. Ya DBx1 ina kipenyo cha takriban milimita 1.6. Ile yake, aina ya DPx5, ina takriban milimita 2. Fimbo ya mashine yangu ilitengenezwa kwa shina nene. Sindano niliyokuwa naweka ilikuwa inaegemea upande mmoja wa tundu, imepinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na ndoano ya chini ilikuwa inaikosa.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana ndipo nilipoelewa kila kitu. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazofungana katikati ya kitambaa. Sindano ina tundu karibu na ncha, mpango ambao Elias Howe aliupatia hataza Marekani mwaka 1846 na ambao haujabadilika. Inashuka na uzi, halafu inapoanza kupanda, milimita mbili na ushee tu, uzi unafanya kitanzi kidogo nyuma yake. Ncha ya ndoano inapita hapohapo, inakidaka kitanzi na kukizungusha kwenye bobini. Kati ya ndoano na sindano nafasi inayotakiwa haifiki hata milimita 0.1. Sindano ikiegemea pembeni, nafasi inapanuka, kitanzi hakidakwi, mshono unaruka. Kwenye jinzi nene unaweza usione, kwa sababu kitambaa kinaushika uzi na kitanzi kinakuwa kikubwa. Kwenye kitambaa chepesi hakuna msamaha.

Na sindano ilikuwa dalili tu. Mashine yote ilikuwa imepangwa kwa vitambaa vizito. Bamba la sindano lilikuwa na tundu kubwa la kupitisha sindano nene, meno yalikuwa makubwa na machache ya kung'ata jinzi, mguu wa mashine, ule unaokibana kitambaa, ulikuwa umekandamizwa kwa nguvu kupita kiasi. Mashine ya sindano moja hutolewa viwandani kwa mipangilio tofauti, mwembamba, wa kati na mzito, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Muuzaji anayefanya biashara ya mashine hizi kila siku analijua hilo. Mimi sikulijua, na nilimwambia kazi yangu.

Tulibadilisha bamba, meno na mguu, tukalegeza springi ya kukandamizia, tukanunua sindano za DPx5 za namba ndogo, ambazo zipo lakini lazima uzitaje kwa jina ili upewe. Fundi akapanga upya ndoano. Vipuri vyenyewe si ghali. Ghali ni siku.

Habari ya mafuta nitaipitia haraka. Mashine hizi zinajipaka mafuta zenyewe: kuna trei chini yenye mistari miwili, wa juu na wa chini, pampu inayapandisha, na juu ya kichwa kuna kidirisha ambamo lazima uyaone yakirukaruka wakati wa kushona. Changu kilikuwa kikavu. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda njiani kama gundi ya njano, kwa maana mashine ilikaa stoo muda mrefu. Tuliisafisha kwa mafuta ya taa, madirisha wazi na umeme umezimwa, tukiizungusha kwa mkono tu, tukayafuta yote kabla ya kujaza oili nyeupe ya cherehani. Ningeiendesha kasi vile ilivyokuwa wiki mbili zaidi, fundi anasema, ingekwama na kujila vyuma. Usikubali kununua bila kukiangalia kidirisha hicho.

Meza ni nzuri. Imechakaa pembeni, imara.

Sasa ubora, na hapa sitaki kuipunja. Tangu mwezi wa tatu haijaniangusha. Inashona kitambaa chepesi bila kukikunja hata kidogo, na nikibadilisha sindano na mguu inapita kwenye tabaka sita za kitambaa cha kuzuia mwanga bila kupunguza mwendo. Kifaa cha kunyanyua mguu kwa goti, ambacho hakikuja na mashine nikakinunua baadaye, ni kitu ninachomwombea kila fundi akipate: mikono yote miwili inabaki kwenye kitambaa, goti linasukuma kidogo, mguu unanyanyuka zaidi ya sentimita moja, unageuza kona, unaendelea. Kwa miaka 11 nilikuwa naachia kitambaa kila kona. Mgongo wangu umepona kwa ajili ya kifaa kile na urefu wa meza ile. Madirisha tisa yaliyonichukua siku zote zile sasa nayamaliza kwa siku mbili na nusu, pamoja na kukata na kupiga pasi. Kumbuka tu kwamba haishoni zigizagi wala tundu la kifungo. Mshono mnyoofu ndio kazi yake yote, kwa hiyo ile ndogo sijaiuza.

Hesabu basi. Tuseme mpya ya aina hii, yenye servo yake na dhamana ya mwaka mmoja, ni mia. Nilinunua kwa 25. Servo 12. Kusafirisha na watu wa kubeba 3. Fundi wa mashine, safari tatu, 4. Bamba, meno, mguu na kifaa cha goti 3. Fundi umeme, mkanda, sindano, oili, nyuzi nilizoziharibu na kitambaa nilichomlipa mteja kwa sababu kilichanika, 3. Jumla 50. Nusu ya bei ya mpya, bado ni nafuu, sibishi. Lakini hapo hamna siku 19 ambazo sikushona chochote cha kulipwa, na kwa kipato changu cha siku, siku hizo zinaipandisha jumla mpaka karibu 70. Kwa 30 iliyobaki ningepata mashine inayowaka siku ileile na mtu wa kumwita ikigoma.

Kwa hiyo mashine naipa nyota nne kati ya tano, na nyota hizo nazitoa kwa moyo mweupe. Huduma ya muuzaji naipa moja. Hakuniuzia mashine mbovu; aliniuzia mashine ya mtu mwingine, wa kazi nyingine, mwenye umeme mwingine, akijua. Swali moja kwake lingetosha: "Dada, nyumbani una umeme gani?" Lingechukua muda mfupi kuliko ule aliotumia kukikunja kile kipande cha jinzi.

Anayetaka kununua ya namna hii, na wapo wengi, maana viwanda vinapobadilisha mashine hizi huingia sokoni kwa wingi, nenda na kitambaa chako mwenyewe, kile unachokishona kila siku, na uzi wako. Mwombe aanze mstari kwenye ukingo kabisa wa kitambaa, pale tundu linapopenda kumeza. Inama usome kibao cha mota kabla ya kuuliza bei. Mwambie aichomoe sindano, uisome aina yake kwenye pakiti, na kama pakiti haipo, pima shina au beba sindano mbili za kulinganisha. Uliza ilikuwa ikishona nini huko ilikotoka. Na usimpe mteja yeyote tarehe kwa kutegemea mashine ambayo bado hujashona nayo wiki nzima.

Mota ya zamani iko hapa nyuma ya mlango, nimeifunika kwa gunia isiingie vumbi. Ni nzima, fundi umeme alisema kweli. Mwenye karakana yenye fezi tatu ambaye yake imeungua aje aichukue. Sitaki pesa, nataka tu ifanye kazi mahali inapofaa.